Bidoni ya Njano na Fundisho la Amani



Wakubwa wa buletini waliniomba niandike juu ya mafundisho ya amani na watu wanaoyaendesha. Waliniomba mimi juu niko kapita wa wanafunzi, na tena niko finalisti wa pedagogia. Nafikiri walingojea maneno ya kusifu. Nilikubali upesi, kisha nikakaa juma mbili bila kuandika hata mstari mmoja. Kila mara nikishika biki, kitu kimoja tu kinanirudilia: bidoni ya njano. Basi nitaandika ile bidoni.

Siku ya kwanza ya juma hiyo ilikuwa zamu yangu kusoma Neno asubuhi mbele ya bendera. Nilichagua Waamuzi sura ya 12. Wengi wenu mnaijua. Watu wa Gileadi walisimama penye vivuko vya mto Yordani, na kila mtu aliyetaka kuvuka waliuliza kama yeye ni Mwefraimu. Akikana, wanamwambia atamke neno moja tu, Shiboleti. Watu wa Efraimu hawakuweza kutamka mwanzo wa lile neno sawasawa, walisema Siboleti. Ulimi wao ndio uliowaua. Biblia inahesabu watu 42,000. Nilisoma kwa sauti nzuri, nikaeleza ya kama hapa kwetu pia, wakati wa vita, bariere za njiani zilikuwa hivi hivi, mtu anaulizwa kabila yake na jibu linakuwa uzima ao kifo. Wote waliitika Amina. Prefe mwenyewe alinipa mkono. Nikajisikia mkubwa.

Siku ya tano bidoni ikapotea.

Ilikuwa bidoni ya litri 20, ile tunachotea maji ya kunyunyiza ndani ya kalasi na ya kunawa mikono. Wenye kukaa Bunia wanajua bidoni ni nini. Wakati wa jua mama anaweza kukesha kwenye bomba kwa kujaza mbili tu. Prefe aliniita, akaniambia: «Kapita, itafute mbele ya saa sita.» Nilichukua karatasi, nikafikiri ni nani angeweza kuichukua, nikaandika majina saba. Niliwaita wote saba chini ya mti, nikawaamuru wafungue sakoshi zao.

Sita walifungua. Wa saba alikuwa mvulana wa mwaka wa kwanza wa humanités, mtoto wa watu waliokimbia vijiji vya Djugu. Akaniangalia, akauliza pole pole:

«Kapita, bidoni ya litri makumi mbili itaingia namna gani ndani ya sakoshi ya kaye?»

Watu walicheka. Ninyi pia mnacheka sasa, na ni haki yenu, sababu ilikuwa swali la kweli. Mimi sikucheka. Nilivuta sakoshi yake kwa nguvu, kamba ikakatika, vitu vyote vikaanguka ndani ya matope: kaye inne, rula, na kiazi kimoja cha kuchemsha kilichofungwa ndani ya jani. Aliokota kaye moja moja, akazipanguza na shati yake nyeupe. Kiazi alikiacha. Kisha akatoka kwa mlango mkubwa bila kuomba ruhusa. Hakulia. Afadhali angelia.

Saa nane bidoni ikaonekana. Mlinzi wa usiku alikuwa ameipeleka nyuma ya vyoo kwa kuchanganya udongo wa kutengeneza ukuta. Nikatoa ripoti kwa prefe kama kazi imeisha. Sikuandika neno juu ya yule mvulana.

Siku iliyofuata mwalimu wetu wa pedagogia, tunayemwita Madamu, alinikuta penye veranda.

«Kapita, ile listi iko wapi?»

«Listi gani, Madamu?»

«Ya bidoni.»

Ilikuwa bado ndani ya mfuko wa suruali. Akaniambia nisome majina kwa sauti. Nikasoma. «Soma tena.» Nilipofika jina la inne, nilisikia mwenyewe. Wote saba walikuwa wa kabila moja, na haikuwa kabila yangu. Hakuna mtu aliyeniambia niwachague hivyo. Sikukusudia. Ningeulizwa ile asubuhi kama ninachukia mtu, ningeapa kama hapana, na nisingesema uongo. Mkono uliandika peke yake.

Madamu hakusema kitu. Alirudisha karatasi, akaenda kufundisha.

Ninajua hapa msomaji ameanza kuuliza: basi kapita huyu ni wa upande gani, na wale saba ni wa upande gani? Sitaandika. Hata kartie ya yule mvulana sitaitaja, sababu kwetu Bunia ukitaja kartie, karibu umetaja kabila. Na wewe unayekisia sasa kufuata namna ninavyoandika, umesimama kwenye kivuko cha Yordani, hujui tu. Tena hapa Ituri ile Shiboleti haiwezi hata kufanya kazi vizuri. Wahema wa kaskazini, wanaoitwa Wagegere, wanasema Kilendu tangu mababu zao. Ni Wahema wa kusini ndio wanaosema Kihema. Mtu akisimama kwenye mto Shari na kusikiliza ulimi tu, atawashika ndugu zake mwenyewe.

Mimi nilizaliwa 2007, miaka inne nyuma ya vita ya Bunia. Sikuona kitu cha 2003. Lakini nimekuwa nikiijua tangu utoto sawasawa ninavyojua mlango wa nyumba yetu. Nani alinifundisha? Siyo shule. Ni jioni penye moto, ni kwenye matanga, ni mjomba akisha kunywa chai na kuanza: «Ninyi watoto hamujue bale batu.» Mpaka Madamu alipotufundisha lile somo, sikufikiri kama hiyo pia ni masomo, na kama mwalimu wake yuko ndani ya kila nyumba.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Alileta vipande vidogo vya karatasi, akagawia kila mmoja. Alisema: «Usiandike jina lako. Andika jina la pahali ambapo nyumbani kwenu wanasema watu wenu waliuawa, na mwaka kama unaujua.» Kalasi ikanyamaza kabisa. Tuko makumi tatu na nane. Akakusanya vipande ndani ya kopo, akavichanganya, akaanza kuandika ubaoni, vyote kwa mstari mmoja kushuka chini, bila kutenga.

Nyankunde, 2002. Bogoro, 2003. Songolo, 2002. Kobu, 2003. Drodro, 2003. Tena Bogoro. Bunia mji wenyewe, 2003. Plaine Savo, 2022. Na vijiji vingine vidogo, vingine vya juzi juzi, ambavyo mimi sikupata kuvisikia. Ubao ulijaa, akaendelea kwenye mlango kwa choki.

Akauliza: «Nani alikuwa anajua majina haya yote?» Hakuna aliyeinua mkono. Mimi nilikuwa ninajua manne.

Akaweka kidole penye Songolo: tarehe 31 ya mwezi wa nane, 2002. Kisha penye Nyankunde: tarehe 5 ya mwezi wa tisa, mwaka ule ule. Siku tano tu. Songolo na Nyankunde ni majirani. Nyankunde ni misioni yetu sisi Waprotestanti, hospitali iliyojulikana mpaka ngambo, ambako wauguzi wa makabila yote walikuwa wanasoma pamoja. Wagonjwa waliuawa juu ya vitanda. Ndani ya kalasi yetu kulikuwa wenye kujua Nyankunde tangu wakiwa wadogo na hawakusikia Songolo hata siku moja. Kulikuwa na wengine waliojua Songolo peke yake. Kila nyumba ilimfundisha mtoto wake nusu ya hesabu, na kumwambia ni hesabu yote.

Mmoja wetu akasimama. Sauti ilitetemeka. «Madamu, hii si sawa. Wetu walikufa wengi kuliko wengine. Haiwezi kuandikwa pamoja namna hii.» Sisi wote tukaogopa, juu tulijua mwingine atajibu, na hapo mambo yataharibika. Madamu alimnyoshea choki. «Kuja kuandika ile iliyosahauliwa.» Alikuja. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu, akaandika jina la kijiji kimoja chini kabisa, kwa herufi ndogo, akarudi kukaa. Hakuna aliyemjibu. Nafikiri kama Madamu angebishana naye ile siku, tungegawanyika sehemu mbili mbele ya kengele kulia.

Kisha alitueleza yale ambayo vitabu vinasema, na alisema bila kuongeza chumvi. Vita ilianza mwaka 1999 ndani ya Djugu, juu ya mashamba. Jeshi la Uganda lilikuwa hapa mpaka mwezi wa tano 2003, na lilisaidia leo hawa, kesho wale. Waliokufa mpaka 2003 wanahesabiwa kupita 50,000. Wakubwa watatu wa vikosi walihukumiwa kule La Haye: Thomas Lubanga mwaka 2012, miaka 14, juu ya kuingiza watoto wenye chini ya miaka 15 ndani ya jeshi lake, Germain Katanga mwaka 2014, miaka 12, juu ya Bogoro, Bosco Ntaganda mwaka 2019, miaka 30, juu ya mambo mengi, Kobu ikiwa ndani. «Wenye chini ya miaka 15,» Madamu alisema, «ni wale mnaowaona asubuhi ndani ya kalasi ya saba, wenye kupiga mupira ya majani.» Na tangu mwisho wa 2017 moto ukawaka tena. Hiyo niliiona na macho yangu, nikiwa primere, watu wakiingia Bunia kwa miguu na magodoro juu ya vichwa.

Ninajua wazazi wengine hawatapenda somo hili. Mama mmoja alikuja kulalamika kama Madamu anafukua makaburi. Mimi pia niliwaza hivyo mwanzoni. Lakini makaburi haya hayakufukiwa hata kidogo. Tunakula nayo kila jioni, kila mtu ya kwake.

Kwa Exetat tunasoma Comenius. Finalisti wote wa pedagogia wanaweza kuwaambia usiku wakiamshwa: Comenius, 1592 mpaka 1670, baba wa pedagogia ya kisasa. Tunaruka mengine. Madamu hakuruka. Huyu Comenius alikuwa askofu wa kanisa ya Kiprotestanti kule Moravia. Vita ilianza 1618 ikakaa miaka 30, Wakristo wakiua Wakristo. Alikimbia. Mke wake na watoto wawili walikufa na tauni. Akawa mkimbizi kule Leszno, inchi ya Poland, na mwaka 1656 mji ukachomwa, karatasi zake za miaka karibu 40 zikateketea zote. Alikuwa mzee wa miaka 64. Akakimbia tena mpaka Amsterdam. Miaka miwili nyuma ya ule moto alitoa kitabu cha watoto chenye picha, wajifunze majina ya vitu vyote vya dunia. Na tangu mbele alikuwa anafundisha ya kama wavulana na wasichana, watoto wa wakubwa na wa maskini, wawekwe ndani ya shule moja. Niliposikia hayo nilifikiri: huyu angeweza kukaa kwa mabashi ya Kigonze, na hakuna mtu angemshangaa.

Wapo hapa kwetu pia. Mama Pétronille Vaweka, mwaka 2003 aliongoza baraza la pekee la Ituri wakati wanaume wenye bunduki walikuwa hawasikilizani hata kidogo, na baadaye akawa komisera wa distrikti. Mwaka 2023 alipewa kule Marekani zawadi ya wanawake wanaojenga amani. Wapo wale wa Réseau Haki na Amani, wanaokaa na wazee wa vijiji juu ya mipaka ya mashamba. Ninapenda namna walivyopanga lile jina, haki kwanza, amani nyuma yake. Na chuo chetu cha teolojia, kilichofunguliwa mwaka 1961 na makanisa yetu ya Kiprotestanti, kimechukua jina la Shalom tangu 2007. Wachungaji wa makabila yenye kupigana wanakaa pale juu ya banki moja.

Sitasifu kila kitu. Nimeenda pia kwenye semina za amani. Tunapewa shati yenye maandishi, Fanta moja, tunaimba, tunapigwa picha, tunarudi kila mtu kwa kartie yake. Nilikuwa nimevaa shati kama hiyo ndani ya uniforme siku ile niliyoandika majina saba. Ni kweli. Ilikuwa na njiwa mgongoni.

Yule mvulana hakurudi siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya inne Madamu aliniuliza tu: «Ameonekana?» Nikajua ni mimi wa kwenda.

Sikuwa nimekanyaga ile kartie maisha yangu yote, na ni mwendo wa dakika makumi inne kutoka kwetu. Nilivua kadi ya kapita. Nyumbani sikusema ninaenda wapi. Njiani niliona watoto wakipiga mupira, mama anauza makala, kanisa lenye bati nyekundu, mambo yale yale ya kwetu, na miguu ilikuwa inatetemeka. Nilipouliza nyumba, kijana mmoja aliniangalia kutoka kichwa mpaka viatu, akanionyesha kwa kidevu.

Mama mzee alikuwa amekaa nje anachagua maharage. Nilimsalimia. Aliniuliza: «Uko mutoto ya nani?»

Hilo swali kwetu ni salamu ya kawaida. Ile siku lilikuwa Shiboleti yenyewe. Ningeweza kusema jina la shule na kunyamaza. Nilitaja jina la baba yangu. Alielewa mara moja, niliona mikono yake imesimama juu ya lungo. Kisha akaendelea kuchagua maharage. Alisema: «Ikala.» Nikakaa chini.

Mvulana akatoka nyumbani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mengine ya Biblia. Nilisema tu: «Nilikukosea. Bidoni ilikuwa kwa mlinzi.» Akajibu: «Nilijua kama siye kwangu.» Nikamtolea ile karatasi ya majina saba, juu sikujua nifanye nini nayo. Alisoma yote, akauliza: «Na bale bengine sita, ulibaambia?» Nikasema bado. «Basi ubaambie mbele ya bendera. Pale njo ulitusomea.»

Mama mzee alituletea muhogo na sombe. Tulikula bila kuongea sana. Nilirudi mbele ya giza.

Kusimama mbele ya bendera na kusema vile ilikuwa ngumu kuliko kusoma Waamuzi, ninawaambia. Kuna waliocheka. Wengine wa kwetu hawanisalimii vizuri tangu ile siku, wanasema nimeaibisha upande wetu mbele ya watu. Baba yangu alisikia sokoni. Hakunipiga, lakini alikaa siku tatu bila kuniongelesha, na sijui bado anafikiri nini. Ninaongojea kumaliza Exetat, na nikipata diploma ninaweza kutumwa kufundisha primere pahali popote, pengine Djugu, ndani ya kalasi yenye watoto makumi sita. Watakaponiuliza kwa mara ya kwanza, Mwalimu uko mutoto ya nani, nitataja tena jina la baba yangu.

Tangu hapo listi za kazi ninaandika kufuata alfabeti. Prefe anasema inachelewesha. Bidoni tumeiandika SHULE kwa rangi nyekundu.

Yule mvulana alirudi juma iliyofuata, kamba ya sakoshi imeshonwa na uzi wa nailoni. Alikuwa hanisalimii, nami sikumlazimisha. Juzi alinisimamisha penye bomba, akaniuliza kama kaye yangu ya historia ya pedagogia inaweza kumsaidia, juu wao wameanza Comenius na wanaandika imla haraka mno. Nilimwazima. Mpaka leo hajairudisha, na Exetat inakaribia.

Kapita wa wanafunzi, finalisti wa pedagogia